Zaburi 109: laana ile inatoka kinywani mwa nani?

Kamatanda, kama mitaa mingine ya Likasi, vyumba vya maombi havikosekani. Mtoto akigonjwa kila mara, ao kazi ya baba ikisimama, kuna watu wanaofungua Zaburi 109 na kuisoma usiku juu ya jirani, ao hata juu ya mtoto wa nyumba ileile, kwamba yeye njo mlozi. (Mkatoliki mwenye kitabu cha zamani ataipata kwa namba 108: waliotafsiri kwa Kigiriki waliunga Zaburi ya 9 na ya 10, hesabu ikabaki nyuma.)

Maneno yake yanatisha kweli. Yanaomba mtu afe mapema, watoto wake wabaki yatima. Lakini nani anayasema?

Kiebrania cha zamani hakina alama za kuonyesha mahali maneno ya mtu yanaanzia na yanapoishia. Msomaji anaangalia kitu kingine: umoja na wingi. Mstari wa 2 mpaka wa 5, mwimbaji analalamika juu ya watu wengi wanaomsingizia. Mstari wa 6, mara moja, laana zinamwangukia mtu mmoja tu, mpaka wa 19. Kisha wale wengi wanarudi. Ndiyo sababu wataalamu wengi wanasoma hivi: laana ni za wale wengi, na mwimbaji anazirudilia mbele ya Mungu kama mashitaka anayofanyiwa yeye. Biblia ya Kiingereza New Revised Standard Version, ya 1989, iliongeza pale neno "wanasema".

Wengine wanakataa, kwao ni mwimbaji mwenyewe anayelaani, na mstari wa 20 unaweza kusomwa namna zote mbili. Lakini angalia mkono wa kuume. Mstari wa 6, wanataka mshitaki asimame kuumeni kwa mtu huyo. Kwa Kiebrania mshitaki ni satan, neno la barazani. Mstari wa mwisho, wa 31, anayesimama kuumeni kwa maskini ni Mungu, kumwokoa na wanaomhukumu.

Kwa usomaji huo, yule mtoto anayepigishwa magoti katikati ya chumba njo mwenye zaburi, na wanaoisoma juu yake wamesimama upande wa mshitaki.

Kanisa Katoliki liliiondoa zaburi hii, pamoja na ya 58 na ya 83, katika kitabu chake cha Sala za Vipindi cha 1971. Nayo sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inamfunga gerezani mtu anayemshitaki mtoto kwa ulozi, hata akiwa na Biblia mkononi.