Mwavuli Wenye Injini

Fungeni jiwe kwa kamba ya katani, mlining'inize. Ndivyo anavyoning'inia rubani chini ya mwavuli wa kitambaa, aliobuni Domina Jalbert wa Marekani mwaka 1964. Mwavuli huo hujaa upepo kwa midomo yake ya mbele, ukawa bawa.

Injini iko chini, mgongoni mwa rubani. Akiongeza moto hazidi sana mbio, kama afanyavyo dereva wa basi la Korogwe. Yeye hutangulia, bawa hubaki nyuma limeinua uso, chombo kikapanda. Akizima ghafula, hurudi nyuma kama jiwe lenu, na bawa huinama mbele likashuka kwa kasi. Huko juu kuna nafasi ya kutulia. Karibu na ardhi, hakuna. Ndiyo maana wahandisi, wakikadiria mwendo wake, huhesabu vitu viwili, bawa na mzigo. Haya, lisukumeni jiwe, mtazame.