Tujipime Kabla Mwizi Hajatupima

Kila nisimamapo Mnarani nikalitazama daraja la Kilifi, hukumbuka enzi za feri. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka wa 1991, msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi hakuwa na budi kungoja zamu yake ukingoni mwa hori. Feri ilipochelewa watu walinung'unika, lakini hakuna aliyeshangaa. Leo feri haipo. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi wa samaki wote hulitegemea daraja moja. Kitu kinachotegemewa hivyo hakitoshi kusifiwa; sharti kikaguliwe, tena na mtu asiyeogopa kusema penye ufa.

Mashirika yetu nayo yamevuka, yakaacha majalada na kuhamia katika tarakilishi. Mnamo Julai 2023 tulionja gharama ya safari hiyo. Mtandao wa eCitizen, ambao serikali ilikuwa imeupitishia huduma zaidi ya 5,000, ulifurikwa na maombi bandia hata ukalemewa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo wananchi wengi walikwama, na ikabidi wageni wapewe viza walipowasili nchini.

Baada ya mkasa kama huo, wakuu wa mashirika huuliza, "Tununue nini?" Kwa maoni yangu, swali hilo limetangulia mahali pasipo pake. La kwanza lingekuwa, "Je, sisi tumekomaa kiasi gani?"

Kipimo cha ukomavu kipo. Watts Humphrey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walibuni ngazi tano za kuwapima waundaji wa programu, na toleo la kwanza likatolewa mwaka huo huo wa 1991. Baadaye wataalamu wa usalama waliiazima fikra hiyo. Katika ngazi ya kwanza mambo huenda kwa kubahatisha, na kazi humtegemea hodari mmoja. Akiugua, kila kitu husimama. Katika ya pili, kazi hurudiwa kwa utaratibu unaojulikana. Katika ya tatu, utaratibu umeandikwa na wote huufuata. Katika ya nne, matokeo hupimwa kwa takwimu. Katika ya tano, kila kosa hugeuzwa somo na utaratibu ukarekebishwa.

Ugumu hauko katika kuzijua ngazi hizo, bali katika kukiri ngazi uliyomo. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja, alama zote za wanafunzi zilihifadhiwa katika tarakilishi moja, na neno la siri alilijua karani peke yake. Kila Ijumaa nakala ya akiba ilitiwa katika diski, na kila muhula mimi nilitia sahihi fomu iliyosema, "Nakala zipo." Wiki ya matokeo mashine ilikufa. Tulipoifungua diski tulikuta haina kitu. Kwa miezi kadhaa haikuwa ikinakili chochote, wala hakuna aliyewahi kujaribu kuisoma. Karani alikaripiwa. Mimi, niliyeshuhudia kwa sahihi jambo nisiloliona, sikuulizwa neno.

Kutokana na aibu hiyo nilijifunza mambo mawili. Kwanza, mkaguzi wa kweli haulizi, "Mnayo?" Husema, "Nionyesheni." Pili, anayekaripiwa leo kwa kusema kweli, kesho atanyamaza, na shirika ambalo watu wake wananyamaza haliwezi kupanda hata ngazi moja.

Jambo la tatu ni kwamba dhamana hii si ya fundi peke yake. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka wa 2014, ulitaja kazi tano: kutambua ulicho nacho, kukilinda, kugundua kinapovamiwa, kukabili uvamizi na kurejesha hali. Mwaka wa 2024 iliongezwa ya sita, nayo ni uongozi. Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humpa mwenye kuhifadhi data saa 72 za kumwarifu Kamishna, tangu ajue kuwa data imevuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe. Asiyejua alicho nacho atatoa taarifa gani?

Najua kuna watakaosema kwamba shule zetu hazina fedha. Ni kweli, lakini hatua za mwanzo hazidai fedha nyingi. Andikeni kila chombo na anayekisimamia. Fungeni njia ya kuingilia ya kila aliyeacha kazi. Kila muhula, rejesheni nakala moja ya akiba mbele ya shahidi. Andikeni mikasa, na anayeiripoti asiadhibiwe kwa kuiripoti. Wala msitamani kuruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano. Anayepanda moja kwa mwaka na kubaki hapo amewapita wengi.

Walimu wenzangu, hatumpi mwanafunzi alama kwa kuandika tu kwamba jibu analijua. Twamtaka aonyeshe njia aliyolipatia. Nanyi wanafunzi mna haki ya kuwauliza walimu wenu swali hilo hilo, maana alama zilizomo katika mashine zile ni zenu.