Mtutu, Nati na Rangi ya Moto

Mmarekani anayetaka kubadili mtutu wa bunduki yake ya kuwindia nyumbani huulizia kwanza spana, kisha rafiki mwenye misuli. Kufungua mtutu ni hesi tu, na hesi hufunguka. Kazi iko kwenye kujua mtutu mpya uingie hadi wapi.

Kwenye bunduki ya Mauser ya 1898 mtutu hugota kwenye mwili wa bunduki, na ukigota pasipo mahali pake, dawa ni mashine ya kukereza. Mwaka 1958 kampuni ya Savage ilitoa Model 110 ya Nicholas Brewer, iliyobuniwa iwe rahisi kuunda. Mtutu wake hushikwa na nati: huzungushwa mpaka uguse geji iliyowekwa mahali pa risasi, kisha nati hukazwa. Ndiyo maana mafundi wa vibandani wanaipenda.

Geji ndiyo hakimu. Kwa risasi ya .30-06, geji ya kukubali na ya kukataa zimepishana inchi 0.006, yaani milimita 0.15, kama karatasi moja na nusu za daftari. Boliti sharti ifunge juu ya ile ya kwanza na igome juu ya ile ya pili. Nafasi ikizidi, ganda la risasi hurefuka, huweza kukatika karibu na kitako, na gesi ikamrudia mpigaji usoni. Hata hivyo wapo wanaotumia risasi ya kawaida badala ya geji, wakidai mkono wao "unasikia". Unasikia nini, ilhali maganda yenyewe hayalingani urefu?

Habari ya viungo vya mwili vinavyojidai geji haipiti bila kutaja kiwanda cha Springfield.

Katika kiwanda hicho cha serikali huko Massachusetts, Marekani, chuma cha mwili wa bunduki ya kijeshi ya M1903 kilipashwa moto na wazee wa kazi walioamua joto kwa kutazama rangi. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki zilipasuka. Pirometa, yaani vipimo vya joto kali, zilipoletwa, ilibainika kuwa joto ambalo wazee waliliita sawasawa lilikuwa kali zaidi siku ya jua kuliko siku ya mawingu, kwa hadi nyuzi 300 za Fahrenheit. Mwanga ulififisha wekundu wa chuma. Macho yakadai moto zaidi. Chuma kikaungua, kikawa na wepesi wa kuvunjika kama kigae. Mwaka 1918 njia ya kupasha ikabadilishwa.

Hadi leo bunduki za kiwanda hicho zenye namba chini ya 800,000 huuzwa, na wapo wanaozifunga mtutu mpya wakidhani wameziponya. Ugonjwa hauko kwenye mtutu, uko kwenye mwili unaoubeba. Bunduki ya namna hiyo ni ya kutundikwa ukutani.