Amana ya pamba: Kutoka ghala la Bariadi hadi gatini Dar es Salaam

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, familia za Mkoa wa Simiyu huanza kuvuna jasho la miezi mingi. Pamba iliyopandwa kwa mvua za mwishoni mwa mwaka huchumwa, huchaguliwa, kisha hubebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa baiskeli au kwa trekta hadi kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Hapo hupimwa na kuandikwa. Mkulima hupokea stakabadhi yake na kurejea nyumbani.

Kwa macho yake safari imekwisha, lakini kwa hakika ndiyo kwanza inaanza. Mbele ya mzigo ule kuna kiwanda cha kuchambua pamba, njia ya zaidi ya kilomita elfu moja, ghala la bandarini, kontena, kreni na meli. Katika kila kituo yuko mtu aliyekabidhiwa mali ambayo si yake. Akiitunza vyema, hakuna anayemtaja. Akizembea, hasara haiishii mikononi mwake. Hurudi ikifuata njia ile ile hadi kwenye nyumba ya mkulima. Ndiyo sababu habari za magati na maghala ya Dar es Salaam ni habari za Bariadi pia.

Mkoa usio na bahari

Simiyu ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Busega peke yake ndiyo inayogusa maji makubwa, nayo ni ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, mkoa huu ambao hauijui bahari ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, hasa katika nchi za Asia. Viwanda vyetu vya nguo hutumia kiasi kidogo tu.

Maana yake ni kwamba bei anayopata mkulima wa Itilima au Meatu haipangwi shambani kwake. Huanzia kwenye bei ya soko la dunia, ambayo huhesabiwa kwa dola. Kutoka humo hutolewa gharama ya kuchambua, kusafirisha, kuhifadhi, kulipia bandari na kupakia melini. Kinachobaki baada ya wote hao kuchukua chao ndicho kinachomfikia aliyelima. Kila siku ambayo mzigo umelala bila sababu, na kila robota lililolowa maji, hupunguza kile kilichobaki.

Jambo hili si geni. Zamani Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipitia Malampaka, ambayo leo imo katika Wilaya ya Maswa. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii, chini ya uongozi wa Paul Bomani, waliunda muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Victoria ili pamba yao isimamiwe na wao wenyewe tangu kijijini. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari ya Dar es Salaam na mizigo ikapelekwa kwa matishari, kwani magati ya kina kirefu yalifunguliwa mwaka 1956.

Mikono mingi, mzigo mmoja

Leo robota la pamba kutoka Simiyu likifika Dar es Salaam hupita mikononi mwa watu wengi. Nyaraka hukaguliwa, mzigo huingizwa ghalani au kupakiwa kwenye kontena, maofisa wa forodha wa Mamlaka ya Mapato hukamilisha kazi yao, na kontena hupangwa uwanjani kusubiri meli. Mzigo una siku zake za kukaa bure. Zikipita, tozo ya hifadhi huanza kuhesabiwa.

Uzito nao una sheria yake. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama baharini zinakataza kontena kupakiwa melini kabla uzito wake kamili haujathibitishwa. Kontena lililotajwa kuwa jepesi kumbe ni zito linaweza kuangusha safu nzima ya makontena na kuhatarisha roho za mabaharia. Udanganyifu wa mizani, ambao Qur'an Tukufu imeuonya vikali mwanzoni mwa Surat Al-Mutaffifin, huanza kwa kupunja kilo chache na huweza kuishia kwenye maafa.

Pamba yenyewe ni mzigo wenye masharti. Hunyonya unyevu, ikilowa huota ukungu na nyuzi zake hubadilika rangi. Cheche ikiingia ndani ya robota lililoshindiliwa, moto unaweza kufukuta humo siku kadhaa bila kuonekana. Kwa hiyo ghala la pamba linahitaji paa lisilovuja, sakafu kavu, marobota yaliyoinuliwa juu ya mbao, njia za kupita baina ya mafungu, na marufuku ya kweli ya sigara na uchomeleaji wa vyuma.

Serikali imewekeza sana bandarini. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345 kwa mradi wa kuiboresha Bandari ya Dar es Salaam, uliojumuisha kuongeza kina cha magati namba 1 hadi 7 ili yapokee meli kubwa zaidi. Oktoba 22, 2023, baada ya mjadala mkali uliogawa maoni ya wananchi, mikataba na kampuni ya DP World ya Dubai ilisainiwa Dodoma. Mwaka 2024 gati namba 8 hadi 11, ambako hushughulikiwa makontena, zikapata mwendeshaji mwingine, kampuni ya Adani ya India. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani imeanzishwa ili kuipunguzia Dar es Salaam msongamano, na ile ya Isaka, mkoani Shinyanga, imekuwa kwa miaka mingi kituo cha mizigo ya nchi jirani. Kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, nacho kinapita eneo la Maswa. Kikikamilika na kuunganishwa hadi baharini, pamba ya Simiyu itaweza kupanda treni karibu na shamba.

Haya yote ni mema, lakini zege na chuma havina dhamiri. Kreni ya kisasa hunyanyua mzigo wa mwaminifu na wa mwizi kwa nguvu ile ile.

Sifa mbili za mtunza ghala

Mfano wetu mkubwa wa uhifadhi ni Nabii Yusuf (a.s.). Alipoomba kusimamia hazina za nchi ya Misri hakutaja nasaba yake wala mateso aliyopitia. Alijitambulisha kwa sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Na kabla ya hapo, alipoifasiri ndoto ya mfalme, alikwishaeleza namna ya kuhifadhi: mavuno yaachwe katika masuke yake, isipokuwa kiasi kidogo cha kuliwa. Hayo yalikuwa maelekezo ya kitaalamu, na kwayo watu wengi waliokolewa na njaa.

Sifa hizo mbili hazitenganishwi. Mwaminifu asiye na ujuzi ataiacha pamba chini ya paa linalovuja huku akiomba dua. Mjuzi asiye na uaminifu atajua ni robota gani lichukuliwe bila kugundulika. Wanazuoni wa fiqhi wameliweka jambo hili katika hukumu: aliyewekewa amana halipi kilichoharibika bila uzembe wake, lakini akizembea au akivuka mipaka, analipa. Basi ghala lisilofagiliwa, mlango usiofungwa na daftari lisiloandikwa vinaweza kumfanya mtu awe na deni mbele ya mwenye mali na mbele ya Mola wake.

Dunia imeona matokeo ya kukosekana kwa sifa hizo. Agosti 4, 2020, tani 2,750 za amonia naitreti zililipuka katika ghala namba 12 la bandari ya Beirut, Lebanon. Zilikuwa zimewekwa hapo tangu 2014, baada ya kushushwa kutoka meli iliyotelekezwa. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha na sehemu kubwa ya mji ikabomoka. Kilichosikitisha zaidi ni kwamba hatari hiyo ilijulikana na barua ziliandikwa. Ujuzi ulikuwapo, uhifadhi haukuwapo.

Mzigo unaposimama, nyumba husimama

Wakulima wa Simiyu wanazijua hasara za mzigo uliosimama. Katika msimu wa 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, huku bei ya soko la dunia ikishuka. Wanunuzi walisita, pamba ikajaa katika maghala ya AMCOS, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa muda mrefu. Ghala lililojaa lilikuwa na maana ya ada ya shule isiyolipwa, bati lisilonunuliwa na deni la dukani linalokua.

Bandari pia huleta, haipeleki tu. Viuatilifu, mabomba ya kunyunyizia, vipuri vya mitambo ya kuchambua pamba na mafuta ya malori hupitia huko. Mwishoni mwa 2023 meli zilipanga foleni ndefu zikisubiri kuingia Dar es Salaam, na miezi hiyo ndiyo ya kupanda na kupalilia Simiyu. Pamba haisubiri foleni. Kiuatilifu kinachofika baada ya funza wa vitumba kumaliza kazi yake ni gharama tupu.

Amana huanzia nyumbani

Hata hivyo, si haki kuwadai makuli na watunza ghala wa Dar es Salaam uaminifu ambao sisi wenyewe hatuuanzi shambani. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akaingiza mkono katika fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Muuzaji alieleza kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Anayemwagia pamba maji au kuitia mchanga ili iongezeke uzito anarudia kosa lile lile. Unyevu huo husafiri hadi ghalani, huozesha robota, na mwisho huishusha hadhi ya pamba ya nchi nzima.

Familia inaweza kufanya mengi. Pamba ichumwe umande ukishakauka. Pamba safi itengwe na fifi tangu mikononi mwa wachumaji. Isiwekwe katika viroba vya nailoni, kwani nyuzi zake hujichanganya na pamba na kuharibu nguo itakayofumwa. Siku ya kuuza, mwenye mzigo aisome mizani kwa macho yake, ahakikishe kilo zilizoandikwa ndizo zilizopimwa, na aitunze stakabadhi kama anavyotunza fedha. Mkutano mkuu wa AMCOS uhudhuriwe na akina mama pia, kwani ndio wachumaji wakubwa; na wachaguliwe viongozi kwa sifa mbili za Nabii Yusuf, si kwa ukoo wala kwa urafiki.

Wafanyabiashara miongoni mwetu wakumbuke kuwa mali iliyoko ghalani au bandarini bado ni mali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, zaka ya mazao haiwajibiki kwa pamba. Lakini pamba iliyonunuliwa kwa ajili ya biashara huingia katika zaka ya biashara. Mwaka ukitimia na thamani ikafikia nisabu, hutolewa asilimia 2.5, hata kama mzigo uko mbali na macho ya mwenyewe. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake.

Tusisahau watoto. Vijana wetu wengi wakimaliza shule huiona bandari kama kitu cha watu wa pwani. Kazi za huko leo zinahitaji waendesha kreni, wakaguzi wa mizigo, mawakala wa forodha, mafundi wa mitambo na wataalamu wa maghala. Chuo cha Bandari na Chuo cha Bahari, vyote vya Dar es Salaam, hufundisha fani za namna hiyo. Mtoto wa Kiislamu kutoka Bariadi, aliyelelewa katika kuogopa dhulma na akapata ujuzi huo, atakuwa msaada kwa mkulima kuliko malalamiko yetu ya kila msimu.

Mzazi anayemfundisha mwanawe kurudisha chenji ya dukani bila kupungua anamwandaa mtunza ghala. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa wenye kuhifadhi na wenye kujua, na ayabariki mavuno ya wakulima wetu. Amin.