Moto wa Juba na Kufuli la Lango la Nyuma



Wengi wetu moto wa kazini tunaujua kwa kusikia tu. Husemwa kiwanda fulani kimeungua, hasara ni shilingi kadha wa kadha, bima italipa, na habari inaishia hapo. Safari hii moto tuliuona kwa macho yetu, hatua kama hamsini kutoka tulipokuwa tumekaa, na tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza wanachama jinsi ulivyokwenda, na hasa yale yaliyofuata baada ya majivu kupoa, maana hayo ndiyo yasiyoandikwa magazetini.

Ilikuwa mwezi wa Februari, mwaka 2019, katika mji wa Juba, Sudan Kusini. Tulikuwa wajumbe watatu wa chama. Tulikwenda kuonana na wenzetu kutoka Kenya na Uganda wanaofanya kazi huko katika mahoteli, maduka na ujenzi, kwa sababu malalamiko yao yalikuwa yakitufikia kupitia jamaa zao nyumbani: mishahara ya kucheleweshwa, kufukuzwa bila taarifa, na mambo ya namna hiyo.

Msomaji asiyeujua mji ule yampasa aelewe nyumba zake kwanza. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, na zaidi baada ya nchi kupata uhuru wake Julai 9, 2011, watu walimiminika Juba kutafuta riziki na biashara, na vyumba vya kulala vikawa haba. Wenye fedha wakajenga haraka. Nyumba nyingi za wageni zikawa ni za vipande vya kuunganisha, ambavyo kila kimoja ni mabati mawili membamba, na katikati yake limejazwa povu gumu jepesi, kama lile linalofungiwa televisheni mpya isivunjike njiani. Nyumba ya namna hiyo husimama kwa siku chache. Kwa joto la Juba, ambalo mwezi wa Februari hukaribia nyuzi 40, povu lile husaidia chumba kisiwe tanuri. Lakini likishika moto huungua ndani kwa ndani, baina ya bati na bati, mahali ambapo maji hayafiki, na moshi wake ni mweusi, mzito na wenye sumu. Mtu hupoteza fahamu kabla ya kuguswa na ulimi wa moto.

Jambo la pili ni umeme. Wakati huo mtambo mpya wa umeme wa Juba ulikuwa haujafunguliwa, ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka ule. Kila mwenye hoteli alikuwa na jenereta yake, na penye jenereta pana madumu ya mafuta.

Basi saa tisa alasiri tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tunakunywa chai na mafundi wawili wa Kiganda, mkabala na nyumba moja ya wageni yenye vyumba kama thelathini. Jenereta ya nyumba ile ikazimika. Tuliambiwa baadaye kwamba mafuta yalikuwa yamekwisha, na kijana mmoja, kibarua wa kufagia ua, akaamriwa aongeze petroli upesi kwa kuwa wageni walikuwa wakilalamikia joto. Mashine ilikuwa bado ya moto. Mtu aliyefundishwa angengoja ipoe. Yule kijana hakuwa amefundishwa na mtu yeyote, na aliyemwamuru hakuwa na subira.

Tulisikia mshindo mmoja kama wa gunia la mchanga linaloangushwa. Kisha moshi. Watu barabarani wakapiga kelele “Nar! Nar!”, yaani moto kwa Kiarabu cha Juba, na kabla hatujavuka barabara kibanda cha jenereta kilikuwa kimekwisha, na moto umeingia stoo ya magodoro iliyopakana nacho. Wageni waliokuwamo, wachache kwa saa ile, walitoka kwa lango la mbele. Wafanyakazi hawakuweza. Jiko na dobi vilikuwa nyuma, na baina yao na lango la mbele palikuwa na stoo ile inayowaka.

Nyuma palikuwa na lango jingine, la chuma, pana la kutosha gari kupita. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli upande wa nje. Tajiri aliagiza hivyo ili wageni wasitoroke bila kulipa, na ili wapishi wasitoke na unga na mafuta ya kupikia. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, na msimamizi alikuwa ametoka kwenda mjini.

Walikuwa watu kumi na mmoja nyuma ya lango lile. Tulisikia wakiligonga kwa ngumi na kwa sufuria. Baadhi walipanda juu ya magunia ya mkaa wakajaribu ukuta, lakini juu ya ukuta palikuwa pamepandwa vipande vya chupa, na mama mmoja mpishi alikatika viganja vyote viwili. Waliowaokoa ni vijana wa bodaboda. Mmoja alileta mtalimbo kutoka kwa mafundi, wakapokezana, na kufuli likavunjika kwa pigo la sita au la saba. Dereva wa boza la maji aliyekuwa akipita na maji ya kuuza alisimama bila kuombwa na kuyamwaga yote. Hakuna aliyemlipa, na tunamtaja hapa ili angalau shukrani yake iandikwe mahali. Zimamoto walipofika waliufanyia kazi moto usivuke kwenda maduka ya jirani, na haukuvuka.

Tangu mshindo ule hadi paa la vyumba vya nyuma kuanguka, kwa saa ya mwenzetu mmoja, zilipita dakika 18.

Hakufa mtu siku ile. Yule kijana aliungua mikono, kifua na sehemu ya uso. Alipakiwa kwenye bodaboda, kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, akapelekwa hospitali.

Sasa tufike kwenye yale tuliyosema yanasahauliwa. Tajiri alifika jioni. Aliuliza habari za jenereta, kisha za viyoyozi. Wafanyakazi walipomuuliza habari za pasipoti zao ndipo ilipofahamika kwamba saba kati yao walikuwa wamenyang'anywa pasipoti siku walipoajiriwa, zikawekwa katika dawati la ofisi “kwa usalama”. Ofisi ilikuwa imeungua. Daftari la mishahara nalo liliungua humo humo. Watu hawa walikuwa wanadai miezi miwili, wengine mitatu. Kesho yake asubuhi tajiri akasema mbele yetu kwamba yeye alikwisha kuwalipa wote mpaka Januari, na anayebisha aonyeshe karatasi.

Mama yule mwenye viganja vilivyofungwa bandeji akamwambia kijana mmoja amtolee kitu katika mfuko wa aproni yake. Kilikuwa kitabu cha mazoezi cha shule, cha kurasa 48, kimekunjwa katikati. Ndani yake ameandika kila siku aliyofanya kazi, kila fedha aliyopokea, na penye malipo msimamizi ametia sahihi. Mbali na zake, aliwaandikia pia wenzake sita wasiojua kuandika vizuri. Akatuambia, “Ndugu zangu, mimi nilifika darasa la nne tu, lakini tarehe sikosei.”

Usiku ule ule tuliketi nao, tukanakili hesabu ile kwa mikono, nakala tatu, na siku ya pili tukaandamana nao hadi ofisi ya kazi. Hatutaeleza maneno yote yaliyosemwa huko, yalikuwa mengi na mengine si ya adabu. Mwishowe tajiri alilipa miezi miwili kwa wale saba waliokuwa katika kitabu. Wanne waliobaki, wanawake wa Juba waliokuwa wakifanya udobi kwa malipo ya siku, hawakupata chochote, kwa sababu majina yao hayakuandikwa popote, hata na mwenzao. Matibabu ya yule kijana yalilipwa kwa mchango wa vijana wa bodaboda, wapishi na sisi wenyewe. Tajiri alisema kwamba kijana ndiye aliyemchomea mali yake.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 ipo, na inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama. Karatasi hiyo haikuwa na mkono wa kufungua kufuli. Wala tusidhani kwamba haya ni ya Juba pekee. Jijini New York, Machi 25, 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo, wengi wao wasichana, walikufa kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umefungwa, ili kuzuia wizi, ndivyo ilivyosemwa. Miaka 101 baadaye, Septemba 2012, huko Karachi, Pakistan, zaidi ya 250 walikufa katika kiwanda cha nguo chenye madirisha ya nondo na milango iliyofungwa. Nairobi, Januari 28, 2009, duka kubwa la katikati ya jiji liliungua na watu karibu 30 wakafa, na walionusurika wakasimulia habari za milango iliyofungwa. Na Desemba 2019, miezi michache baada ya sisi kurudi kutoka Juba, lori la gesi lililipuka likishusha mzigo katika kiwanda cha vigae huko Khartoum, watu 23 wakafa, wengi wao vibarua wageni kutoka India.

Kwa wanachama walioko Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba wakati watu wamo ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Tena inasema penye wafanyakazi 20 au zaidi iundwe kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Tumetembelea viwanda ambavyo kamati hiyo ni karatasi iliyobandikwa ukutani, na mwenyekiti wake ni yule yule meneja anayetunza funguo.

Wenzetu wa mashambani wasidhani hawamo. Vumbi la katani katika vyumba vya kusugulia hushika moto kwa cheche moja. Viwanda vya majani ya chai vina matanuri yanayowaka usiku kucha, na kuni zimerundikwa karibu. Zamu ya usiku ndiyo hufungiwa mara nyingi kuliko zote, kwa hoja ya kwamba chai huibwa usiku.

Kwa hiyo halmashauri imeagiza kila mjumbe wa tawi, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, azunguke mahali pake pa kazi katika zamu ya usiku na aandike mambo haya: milango mingapi iko, mingapi imefungwa, nani ana ufunguo na anakaa wapi, petroli na gesi vimewekwa wapi, na kama kuna vibarua ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Aandike pia kama mwajiri anashikilia pasipoti au vitambulisho vya mtu. Fomu maalumu hazihitajiki, kitabu cha mazoezi kinatosha. Nakala moja ibaki kwa mjumbe nyumbani kwake, si kiwandani, na nyingine iletwe ofisi ya chama kwa mkono.