Bawabu wa Kompyuta ya Nyumbani

Ndugu msomaji, kompyuta ya nyumbani siku hizi imekuwa kabati la familia. Humo zimo picha za arusi, nakala za vyeti vya watoto, hesabu za biashara ndogo ya mama na kazi za shule. Ajabu ni kwamba kabati la mbao tunalifunga kwa kufuli mbili, na hili tunaliacha wazi mpaka siku litakapoingiliwa.

Nyumbani kwetu tuliyajua hayo kwa uchungu. Kijana wetu alitaka programu ya kutengenezea kadi za arusi. Badala ya kuinunua, aliipakua ya wizi kutoka kwenye intaneti. Maelekezo yake yalimtaka azime kwanza programu ya kukinga virusi, naye akatii. Kufikia magharibi kila faili lilikuwa limefungwa, na kwenye kioo pametokea ujumbe wa kututaka tulipe fedha ndipo tufunguliwe. Hatukulipa, kwani anayelipa hana hakika ya kufunguliwa. Picha za marehemu bibi yetu, ambazo hazikuwa na nakala popote, hatujaziona tena. Kilichotuuma zaidi ni kuwa bawabu alikuwapo mlangoni; sisi wenyewe ndio tuliomwambia akalale.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kumchagua bawabu huyo si suala la fedha nyingi. Huenda tayari unaye. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft huweka ndani ya mfumo wenyewe kinga iitwayo Defender, isiyodai malipo. Fungua Windows Security utazame kama imewashwa, na ni lini ilipokea mara ya mwisho taarifa za virusi vipya. Kwa familia inayosoma, kuandika na kutuma barua pepe, kinga hiyo ikisasishwa kila mara inatosha.

Ukiona haja ya kununua nyingine, labda kwa kuwa wataka kulinda kompyuta na simu kadhaa kwa pamoja, usitegemee sifa za muuzaji. Zipo taasisi zinazozipima programu hizi na kutangaza matokeo bure, kama vile AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutazama mambo matatu: uwezo wa kuzuia virusi, kiasi programu inavyoipunguzia kompyuta kasi, na mara ngapi inashuku faili lisilo na hatia. Mwenye kompyuta kuukuu na alitazame sana hilo la pili, kwani bawabu mzito huiziba njia hata kwa wenye nyumba.

Uliza pia bei ya mwaka wa pili. Mara nyingi mwaka wa kwanza huuzwa kwa bei ya chini, kisha kadi yako ya benki ikakatwa zaidi bila ya wewe kukumbuka. Programu za majaribio zinazokuja na kompyuta mpya nazo huisha muda wake, na iliyokwisha muda haivijui virusi vya leo. Ama zile za bure, soma masharti yake. Mwezi wa Februari 2024, tume ya Marekani inayosimamia haki za wateja ilitangaza kuwa kampuni ya Avast italipa dola milioni 16.5, kwa madai kwamba iliuza taarifa za kurasa walizozitembelea watumiaji wake.

Wala usiweke mbili ukidhani utakuwa salama maradufu. Mafahali wawili hawakai zizi moja: hushukiana, na kompyuta ikawa nzito.

Hata bawabu hodari hafai kitu ikiwa mlango umeng'oka bawaba. Mnamo Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga kazi za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo tusiahirishe kusasisha mfumo kwa kuogopa kumaliza bando. Na mwenye Windows 10 na afahamu kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025; kama mashine yake inakubali Windows 11, ahamie huko.

Mwisho, weka nakala. Sisi sasa tuna diski ya nje tunayoichomeka mara moja kwa wiki, tukanakili yaliyo muhimu, kisha tukaichomoa na kuifungia kabatini. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo. Flashi inayotoka duka la kutolea kopi haifunguliwi kabla ya kukaguliwa. Na kijana wetu ana akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu wala kuzima kinga. Akihitaji, huja kuomba, tukakaa naye tukatazama pamoja.

Ndugu msomaji, jioni ya leo chukua dakika kumi umtazame bawabu wako kama yu macho. Picha za wazee wetu hazipigwi mara ya pili.