Mbwa wa banda la kuku: cha kumjazia kwenye kichezeo, na cha kumnyima kabisa



Mwezi uliopita kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai alinipigia simu saa moja asubuhi. "Shikamoo bwana shamba. Mbwa kaniua kuku tisa. Hivi kuna sindano ya kutuliza mbwa mkorofi?" Nikapanda pikipiki nikaenda. Nikamkuta mbwa kafungwa chini ya mwembe, mnyororo umeshachubua gamba la mti mzunguko mzima. Nikauliza anakula saa ngapi. Jioni, sufuria moja ya ugali, anaimaliza kabla hujafika mlangoni. Halafu mchana kutwa hana kazi yoyote, anatazama kuku wakikimbia upande wa pili wa uzio. Siku hiyo mnyororo ulikatika, basi akajitafutia kazi.

Huyo hahitaji sindano. Anahitaji kitu cha kufanya, na chakula chake kinaweza kuwa hiyo kazi. Ndiyo maana leo nazungumzia vile vichezeo vya mpira vyenye uwazi ndani, unavyoshindilia chakula mbwa akakitoa kwa kulamba na kutafuna. Wengi wenu mnadhani ni mambo ya mbwa wa kizungu wanaolala kwenye makochi. Historia yake ni ya karakana. Miaka ya 1970 kule Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na mbwa aliyestaafu kazi ya polisi, jina lake Fritz, aliyekuwa anamaliza meno kwa kutafuna mawe. Siku moja Markham anatengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akaokota kipande cha mpira kilichotolewa kwenye gari, akakiona kitamu kuliko mawe. Huko ndiko ilikotoka Kong, ambayo leo unaikuta kwenye maduka makubwa ya vifaa vya wanyama mijini.

Sasa usikimbilie kukata tairi bovu. Tairi lina waya na nyuzi ndani, mbwa akizimeza utaniita tena na safari hiyo sitakuwa na msaada. Nunua kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kikubwa kiasi kwamba hawezi kukimeza, na hakikisha kina matundu mawili. Chenye tundu moja kinaweza kuvuta ulimi wa mbwa kama chupa na ukanasa. Kama mfuko haujaruhusu, chukua trei ya mayai ya karatasi iliyo safi, ya bandani kwako mwenyewe, weka matonge kwenye vishimo, ikunje na umpe. Ataichana vipande vipande, na hiyo ndiyo raha yake. Kaa naye tu, na akianza kumeza makaratasi mnyang'anye.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Msingi wangu ni ugali laini au wali, sehemu mbili, na dagaa au nyama sehemu moja. Dagaa uwaloweke, umwage maji ili mchanga na chumvi vitoke, uchemshe, kisha uponde. Tundu dogo zibia na kipande cha nyama, katikati shindilia mchanganyiko, mdomoni malizia na kitu cha kunukia. Siku za kwanza jaza kwa kulegeza, chakula kidondoke kirahisi, maana mbwa asiyejua akikosa mapema anakiacha. Akishaelewa ndipo ushindilie. Na kumbuka, hicho unachojaza kinatoka kwenye mgao wake wa siku. Ukiongeza juu ya sufuria ya jioni, miezi mitatu utakuwa na nguruwe anayebweka.

Wenye kuku mna bahati ya mayai yaliyopasuka. Yachemshe yakomae, toa ganda, ponda na boga au kiazi kitamu kilichochemshwa. Usimpe yai zima na ganda lake, hata kama limepikwa. Mbwa akishajua yai linafananaje, viota vyako vimekwisha.

Kwa miezi ya joto, hasa sisi wa Dodoma kuanzia Oktoba, ponda ndizi mbivu na mtindi usio na sukari, jaza, weka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi mbwa analamba barafu kivulini na wewe unaokota mayai kwa amani. Huna friza, tumia ugali mgumu kidogo, nao humchelewesha.

Maini, mapafu na bandama za machinjioni ni rahisi na mbwa anazipenda kuliko vyote. Lakini hapa nawaomba mnisikilize, hasa wenye mbuzi na kondoo. Yale malengelenge yenye maji unayoyaona kwenye ini au pafu huwa ni minyoo aina ya tegu. Mbwa akiyala mabichi, tegu wanakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye majani ya malisho na kwenye mikono ya watoto wako. Kondoo anayezunguka duara kama amelewa, mara nyingi kisa chake ni hicho hicho: mbwa alikula kichwa kibichi cha mwenzake mwenye malengelenge kwenye ubongo. Kwa hiyo katakata vipande vidogo, chemsha angalau nusu saa tangu maji yaanze kutokota, ndipo ujaze. Vyenye malengelenge choma au fukia kwenda chini, mbwa asifukue.

Siagi ya karanga inanukia vizuri na inakaa ndani ya kichezeo muda mrefu. Saga mwenyewe bila chumvi wala sukari. Ukinunua ya dukani soma lebo, ukiona neno xylitol irudishe rafuni, ni sumu kwa mbwa.

Na karanga zenyewe zikoje? Hapa nina langu la kusema. Miaka ya nyuma, nikiwa na diploma mbichi mkononi, gunia langu la mahindi lililoloa mvua likaota ukungu. Nikajisemea, haya si ya watu, nitasaga unga wa mbwa. Ndiyo tabia yetu wengi. Nilikuwa na mbwa naye anaitwa Simba, mlinzi hodari. Alianza kususa chakula, akatapika, macho na fizi vikageuka njano, na mpaka daktari wa mifugo anafika ini lilikuwa limeshaharibika. Sumukuvu haitoki kwa kupika, na mbwa inamdhuru haraka sana. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyoyaona ni chakula, sembuse mbwa anayepewa yale yaliyokataliwa wazi wazi. Nilikuwa nafundisha wakulima kukausha mahindi, na mbwa wangu namlisha ukungu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo karanga zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani na nyeusi, mahindi ya ukungu, mkate wenye vidoa, usimjazie. Mabaki ya mchuzi wa jana nayo acha, kwa sababu ya vitunguu: kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa hata vikiwa vimepikwa. Chokoleti na zabibu, hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama vioo, na gunzi la mahindi au kokwa la embe linaziba utumbo. Chakula cha kuku usichote kumjazia, maana baadhi huwekwa dawa za kuzuia koksidiosisi na zipo zinazodhuru misuli na neva za mbwa. Kuku aliyekufa bandani ni wa kufukia au kuchoma, si wa kumpa mlinzi akajifunza ladha yake.

Usafi ni sawa na wa vyombo vya maji vya vifaranga. Akimaliza kiokote, kioshe kwa maji moto na brashi ya chupa, kianike. Ukikiacha nje usiku unaalika panya na sisimizi. Ukiwa na mbwa wawili kila mmoja apate chake na wawe mbalimbali, la sivyo watararuana, na watoto wasisogee mbwa akiwa nacho.

Yule kijana wa kuku tisa alinunua viwili. Siku mbili za mwanzo mbwa alikinusa na kukipa mgongo, siku ya tatu tukaweka maini mdomoni mwa kichezeo, akashika. Anampa kimoja saa tatu asubuhi na kingine alasiri, na jioni anamfungua atembee naye kuzunguka shamba. Uzio wa kuku nao ameuongeza urefu futi mbili, na mnyororo amebadilisha. Hayo mawili nilimwambia ayafanye kabla hajatoa hela ya kichezeo.